Maji ya Kuangalia

Neno lenyewe ndilo lililowadanganya watu. Mjini Rumonge, kando ya ziwa, mtu akitaja fonteni, unachukua bidoni yako, lile dumu la maji, unakwenda, maana fonteni ni bomba la mtaa, pale wanawake wanapopanga foleni, wanagombana, wanapatana, na kupeana habari za ndoa za watu. Basi habari ilipoenea kwamba Bwana Dismasi, yule tajiri wa mawese mzaliwa wa Kizuka, anaujengea mji fonteni katikati ya uwanja mkubwa, wanawake wa mtaa wa chini walimwombea heri bila kuombwa. Mwamini, mke wa Swedi, alikuwa akikaanga maandazi kwenye kona ya uwanja huohuo, na kwa kuwa mafundi wa ujenzi walikuwa wateja wake, kila asubuhi aliwauliza mabomba yatakuwa mangapi. Mafundi walitafuna, wakatazamana, wakamwambia angoje aone.

Alichokuja kuona ni samaki. Mukeke wawili wa saruji, warefu kuliko mtu, wamesimamia mikia yao ndani ya bwawa la vigae vya buluu, midomo wameielekeza mbinguni. Siku ya uzinduzi injini iliwashwa, maji yakaruka kutoka midomoni mwa wale samaki, yakatawanyika hewani, yakaanguka bwawani, kisha yakavutwa yakapanda tena, yaleyale. Watu walipiga vigelegele. Bwana Dismasi alisimama akaeleza kwamba mama yake, marehemu Speciosa, alibeba maji kichwani toka bondeni hadi kilimani maisha yake yote, akafa bila kuyaona maji yakicheza. Ndiyo maana jina la Speciosa limeandikwa kwa herufi za shaba ukingoni. Alilia mbele ya wageni, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hata Mwamini machozi yalimlenga.

Nyuma ya mahema, hata hivyo, wanawake wa mtaa wa chini walikuwa wamepanga bidoni zao kwa foleni toka alfajiri. Msema-chochote wa shughuli aliwaona, akacheka kwenye kipaza sauti. "Mama zangu, rudisheni hizo bidoni nyumbani," alisema. "Haya maji iko ya kuangalia." Wageni wakacheka. Wanawake nao wakacheka, kama anavyocheka mtu aliyezabwa kofi mbele ya wakwe, kisha wakaziinua bidoni zao tupu wakaondoka mmoja mmoja.


Mwamini hakuweza kuichukia ile fonteni kwa muda mrefu, kwa sababu ilianza kumlisha.

Mumewe Swedi alikuwa fundi wa maboti ya mbao. Ziwa lilipofura, miaka michache kabla ya fonteni, lilianza na karakana yake, likaja jiko, likamalizia na nyumba. Walipanda juu na godoro, masufuria na binti yao Raisa, hawajui wanakwenda kwa nani. Aliyewapokea ni Clotilda, mke wa Nestori. Hao walikuwa Warundi waliozaliwa na kukulia katika kambi za Kigoma, wakarudishwa wakubwa, na Kiswahili chao hadi leo kina utaratibu wa Tanzania. Clotilda aliwapisha sebule nzima. Alisema yeye amelala chini ya turubai tangu utoto, hawezi kumwona mtu na godoro kichwani akafunga mlango. Wakakaa humo msimu mzima wa mvua, na usiku Eliana, kitinda mimba wa Clotilda, alikuwa akitoka kwa mama yake kwenda kujibanza ubavuni mwa Raisa. Baadaye Swedi alipata kibarua kidogo kidogo, wakapanga chumba ng'ambo ya pili ya ua uleule.

Fonteni ilipofunguliwa, ilihitaji mlinzi. Msimamizi wake alikuwa Irakoze, mpwa wa Bwana Dismasi, kijana mpole wa maneno ambaye hakuwahi kupaza sauti. Alimpa Swedi koti la kaki, filimbi, na mshahara uliokuja kila mwisho wa mwezi bila kusukumwa. Kwa mtu ambaye ziwa lilimnyang'anya kazi, hiyo ilikuwa heshima iliyorudi. Swedi alianza tena kutembea kifua mbele. Kodi ililipwa. Raisa akarudi shule. Siku za Jumamosi maharusi walikuja kupiga picha mbele ya samaki, wasindikizaji wao wakanunua maandazi ya Mwamini, naye alijikuta akiwaambia wateja, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba mlinzi ni mume wake.


Kiangazi kile maji ya bomba yalianza kukatika. Kwanza yalikuja usiku tu, kisha siku moja moja, kisha yakaacha kabisa. Kila mtu alikuwa na sababu yake: wengine walisema mvua, wengine umeme, wengine bomba limeliwa na ziwa. Lililo hakika ni kwamba wanawake walirudi kuteka ziwani, pale ambapo vyoo vya nyumba zilizozama vilikuwa bado chini ya maji.

Fonteni haikukauka. Bwana Dismasi alikuwa anailipia lori la tangi, na kila Ijumaa lori hilo lilipita katikati ya mtaa wa chini likidondosha matone barabarani, likaenda kulijaza bwawa ili maharusi wa kesho yake wasikose picha. Swedi alikuwa binadamu. Asubuhi na mapema, kabla soko halijaamka, aliwageuzia mgongo wanawake wakachota. Lakini bwawa liliposhuka, injini ilivuta hewa ikaungua. Irakoze alimwita kando, akamwambia kwa upole wake uleule kwamba vijana wanaolitaka lile koti ni wengi, na kwamba yeye hapendi kumwona mzee wa watu akirudi kukaa bure.

Asubuhi iliyofuata Irakoze alikuja mwenyewe mapema, akaegemea gari lake. Clotilda hakujua. Alitokea upande wa soko, akaingiza bidoni bwawani kama siku zote, ikajaa, akaitoa. Mwamini alikuwa mbele ya karai lake la mafuta, si mbali. Alimwona mumewe akimtazama Irakoze, kisha akimtazama Clotilda.

"Wewe mwanamke," Swedi alisema. "Nani amekuruhusu kuteka hapa?"

Clotilda aligeuka nyuma kuangalia anayeambiwa. Hapakuwa na mtu. "Baba Raisa," alisema, "ni mimi."

"Mimi sikujui. Weka chini hiyo bidoni."

Clotilda akaiweka. Swedi aliinama kuyarudisha maji bwawani, lakini Irakoze akatikisa kichwa. Bidoni hizo ni chafu, alisema, ayamwage chini. Swedi akaiinamisha bidoni juu ya lami. Maji yalichukua muda kwisha, maana mdomo wa bidoni ni mdogo, na muda huo wote Clotilda alisimama akimtazama usoni. Kisha akaichukua bidoni yake na kushika njia ya kushuka ziwani.

Naye Mwamini? Angeweza kuinuka. Angeweza kuita tu, "Mama Eliana!", ikasikika kwamba pale uwanjani kuna mtu anayemjua. Alishika kijiti chake akageuza maandazi ambayo yalikuwa yamekwisha kugeuzwa.

Jioni alimpa Raisa jagi la maji safi, maana Swedi alikuwa na fungu lake dogo la mlinzi, akamwambia avushe ua ampelekee mama Eliana. Raisa alirudi na jagi vilevile lilivyojaa. Alisema mama Eliana ameshukuru, ameomba wasihangaike.


Haikupita wiki, kipindupindu kikaingia mtaa wa chini. Kilianza kwa wavuvi, kikapanda na njia za wateka maji, nyumba hadi nyumba. Mahema meupe yalisimamishwa, watu wakawa wanabebwa kwa baiskeli. Eliana alianza kutapika asubuhi. Nestori alimkimbiza huko mgongoni, akiwa amemfunga kwa kitenge cha mama yake. Jua lilipozama alirudi na kitenge peke yake. Wauguzi walikuwa wamefanya wawezalo, na mazishi yalifanyika haraka, kwa kunyunyiziwa dawa, bila watu wengi, kama ugonjwa ule unavyolazimisha.

Maneno hayakukawia. Waliokuwapo uwanjani siku ile waliwasimulia wasiokuwapo, na kila aliyesimulia aliongeza bidoni. Mwamini aliyaona mateke ya maneno hayo kwenye biashara yake: maandazi yalilala. Mteja wake wa siku zote, mama mmoja muuza ndagala, alipita akanunua ya jirani, kisha akamwambia bila hasira yoyote kwamba siku hizi maandazi yake yana ladha ya maji ya watu. Msikitini, Swedi alitandika mkeka wake, na waliokuwa pembeni wakasogea kidogo, wakaacha nafasi ya mtu mmoja kila upande.

Nyumbani alikaa juu ya kitanda na koti lake la kaki, akisugua filimbi kwa kidole gumba. Mwamini alivumilia mpaka akashindwa.

"Twende tukatoe pole," alisema. "Ni hatua za kuvuka ua tu."

"Niende na uso gani?"

"Na huohuo uliomwambia humjui."

Swedi alisema, taratibu, kwamba kama angemwita Mama Eliana mbele ya Irakoze, Irakoze angejua kwamba yeye ndiye anayewaacha jirani zake wateke alfajiri. Angefukuzwa palepale. "Nilifikiri nitamweleza jioni," alisema. "Nilifikiri atanielewa, maana yeye anajua njaa. Jioni nikaona haya. Nikasema kesho. Mama Raisa, mutoto hakungoja kesho."

"Na mimi niliona nikanyamaza," Mwamini alisema. "Basi twende wote wawili wenye haya."

Hakuinuka. Mwamini alijifunga mtandio akaenda peke yake.


Clotilda alikuwa ameketi chini ya dirisha, miguu ameinyoosha, wanawake wawili wa kanisani kwake wamemkalia kila upande. Walipomwona Mwamini walikatisha wimbo. Mwamini akasimama mlangoni, hajui akae au ageuke, mpaka Clotilda mwenyewe aliposogeza mguu na kumwonyesha mahali pa kukaa. Ilikuwa sebule ileile waliyolala msimu mzima wa mvua. Mwamini alijua mpaka nyufa za ukuta wake.

Wale wawili walipotoka kwenda kuangalia chungu jikoni, Clotilda alianza kusema huku akitazama mikono yake.

"Mama Raisa, siku ile uliona?"

"Niliona."

"Basi. Nilitaka kujua kama niliota." Akapumua. "Watu wanakuja hapa kuniambia kwamba ile bidoni ingemwokoa mwanangu. Wanadhani wananipoza. Mimi nimefikiri vizuri. Ile bidoni ingekwisha kesho yake, kesho kutwa ningerudi ziwani. Sijui. Lakini wewe uliniletea jagi. Eliana alikuwa amesimama hapo, ana kiu, akamwona Raisa, akafurahi. Nami nikalirudisha kwa hasira. Hilo jagi ndilo linalonila, wala sijamwambia mtu."

Mwamini alitaka kusema kwamba si kosa lake, lakini hakuwa na haki ya kumsamehe mtu. Alimshika mkono. Clotilda hakuuondoa.

"Wewe njoo utakapo," alisema. "Ila mumeo asije kunipa pole. Yeye alisema hanijui. Mtu asiyekujua hakupi pole."

Mwamini alirudi akamwambia Swedi yote, neno kwa neno, pamoja na lile la jagi. Swedi alisikiliza ameinamisha kichwa. Chakula hakukigusa.


Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Lori lilikuwa limelijaza bwawa hadi ukingoni, na harusi kubwa ilikuwa inatoka Bugarama kuja kupiga picha. Mwamini alipofika na karai lake, alimkuta Swedi amefungua mnyororo uliozungushiwa bwawa na kuuweka begani. Akapuliza filimbi, kama anafukuza watu, kumbe anaita. Wanawake waliokuwa wakishuka ziwani walisimama. Hawakuamini. Walidhani ni mtego.

"Tekeni," Swedi aliwaambia. "Mimi ndiye mulinzi, ninasema tekeni."

Akaja mmoja, wakaja wawili, kisha mtaa mzima ukapanda. Swedi aliwapanga foleni. Wazee aliwajazia mwenyewe, akiingia bwawani hadi magotini na viatu vyake, na kila aliyefika mbele yake alimwita kwa jina la mtoto wake: mama fulani, mama fulani, hata wale waliomsengenya, hata yule muuza ndagala. Mwamini aliacha maandazi akaenda kushika mifuniko. Kila mara alitupa macho kwenye barabara ya mtaa wao. Nestori hakuja. Clotilda hakuja. Maji yalipokuwa yamefika kwenye mikia ya samaki, Swedi alijaza bidoni moja ya mwisho, akamwambia mkewe aipeleke nyumbani na mtu asiiguse.

Harusi ilifika. Bibi harusi alishuka garini na gauni lake, akakuta samaki wawili wakavu wamesimama kwenye matope, na wanawake wakiteka kwa vikombe maji yaliyobaki. Irakoze hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, na Swedi akavua koti, akakunja, akaweka filimbi juu yake, akamkabidhi mbele ya watu wote akiwa amebaki na fulana iliyotoboka kwapani. Polisi wawili wakamchukua. Baadhi ya wanawake waliguna, wengine walianza kumlilia; lakini kila mmoja alikuwa na bidoni iliyojaa kichwani, na mtu mwenye maji kichwani hawezi kusimama sana. Uwanja ulibaki mtupu kabla gari la polisi halijakata kona.


Swedi alilala kasho ya polisi mpaka Jumatatu. Aliporudi hakuoga, hakula. Alikwenda moja kwa moja pembeni ya mlango ilipokuwa ile bidoni, akaiinua, akavuka ua. Mwamini alimfuata hadi kizingitini kwake akaishia hapo.

Clotilda alikuwa nje, anapepeta maharage.

"Mama Eliana," Swedi alisema, na sauti yake ilipasuka kwenye jina. "Nimekuletea maji."

Clotilda aliweka ungo chini. Akaitazama bidoni, kisha akaingia ndani. Swedi alidhani amekataliwa, akawa anageuka. Lakini Clotilda alitoka na sarafu, akaiweka katika kiganja chake, kiasi kilekile wanacholipwa wachukuzi wa maji wasio na jina wanaopita na baiskeli.

"Murakoze, baba," alimshukuru, kwa adabu, kama unavyomshukuru mpita njia. "Mimina kwenye lile pipa."

Mwamini aliona mabega ya mumewe yakishuka. Alidhani atairudisha ile sarafu, atapiga magoti, atasema neno. Swedi alifumba kiganja. Akamimina maji kwenye pipa, polepole ili yasimwagike hata tone, akaondoka na bidoni tupu.


Lori la tangi halikurudi tena. Bwana Dismasi alikuja siku moja kutoka Bujumbura, akaketi ukingoni karibu na jina la mama yake, akakaa hivyo mpaka dereva wake akaanza kutazama saa. Watu wanasema alimuuliza Irakoze ni akina nani waliyateka yale maji, na alipojibiwa kwamba ni wanawake wa mtaa wa chini, alilipapasa lile jina kwa kiganja, akaingia garini. Mvua ziliporudi bwawa likajaa maji ya kijani na mbu. Herufi za shaba ziling'olewa moja moja. Samaki mmoja amekatika mdomo, na mbuzi wa sokoni hujikinga jua chini ya mwingine.

Kazi ya maboti haikupatikana, maana hata ufuko wa kuchongea haupo. Swedi alikodi baiskeli, akawa mchukuzi wa maji kutoka chemchemi za upande wa milimani. Huondoka alfajiri, hurudi na bidoni zimening'inia kila upande, akiisukuma baiskeli kwa kifua. Maandazi ya Mwamini yamerudi kununuliwa. Yeye na Clotilda hupepeta pamoja, husukana nywele, na siku nyingine hulia pamoja bila kuambiana sababu.

Clotilda hununua maji kwa Swedi. Hulipa papo hapo, hakopi wala hapunguziwi, na humwita baba. Kuna siku Mwamini, aliyechoka kumwona mumewe akirudi kutoka mlango ule akiwa amenyauka kama aliyetoka kuzika, alimwambia aupite mlango huo, wateja ni wengi.

"Hapana," Swedi alisema. "Nikiupita, tutakuwa kweli hatujuani."

Akaegemeza baiskeli ukutani, akafungua kamba, akachagua bidoni ambayo maji yake hayakuwa na tope hata kidogo, akavuka nayo ua.